Mgema Aliyesifiwa: Maisha ya John Law (1671–1729)

John Law alizaliwa mjini Edinburgh, Uskoti, mwaka 1671, katika familia ya sonara. Enzi hizo sonara hakuwa mfua dhahabu tu. Alihifadhi pia amana za watu na kuwakopesha fedha, na hati aliyoiandika iliweza kushika nafasi ya dhahabu iliyofungiwa sandukuni. Law alirithi mali ya babake, akahamia London na kuitapanya katika kamari, ingawa alikuwa na kipaji adimu cha kukokotoa bahati kwa hesabu. Mnamo 1694 alimuua Edward Wilson katika pambano la panga la watu wawili. Alihukumiwa kifo, lakini akatoroka gerezani na kuvuka bahari hadi bara Ulaya.

Huko ugenini alijifunza kwa makini jinsi benki zilivyofanya kazi, hususan ile ya Amsterdam. Mwaka 1705 alichapisha kitabu kuhusu fedha na biashara. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha si utajiri wenyewe, bali ni chombo cha kuuendesha. Palipo na uhaba wa sarafu, mikono hukaa bure na mashamba hulala. Tiba aliyoipendekeza ni noti za karatasi. Bunge la Uskoti lilimkatalia.

Mlango ulimfungukia nchini Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 alipofariki mnamo 1715, vita vyake vilikuwa vimeiachia nchi deni la zaidi ya livre bilioni 2. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka mitano, na hivyo madaraka yalishikwa na Philippe, Mtawala wa Orléans, akiwa kaimu mfalme. Mwaka 1716 Law aliruhusiwa kufungua benki jijini Paris. Noti zake ziliahidi malipo ya sarafu zenye uzito ule ule wa siku noti ilipotolewa, ilhali sarafu za serikali zilikuwa zikibadilishwa thamani mara kwa mara. Mwaka uliofuata noti hizo zilikubaliwa katika kulipia kodi. Biashara ilifufuka, nazo sifa za Law zikaenea. Ikumbukwe kwamba kufikia hapo sifa hizo zilikuwa za haki.

Mnamo Agosti 1717 alianzisha kampuni iliyopewa haki ya pekee ya biashara katika koloni la Louisiana, kwenye bonde la mto Mississippi huko Marekani Kaskazini. Kampuni hiyo ilimeza nyingine, ikachukua biashara ya tumbaku, utengenezaji wa sarafu na ukusanyaji wa kodi. Hatimaye ikajitwika deni la taifa: waliokuwa wakiidai serikali wakalipwa, na fedha zao zikaelekezwa kwenye hisa. Mwishoni mwa 1718 benki yenyewe ilikuwa imefanywa mali ya mfalme.

Hapo ndipo umati ulipoingia. Hisa iliyokuwa na thamani ya livre 500 hivi katika majira ya kuchipua ya 1719 ilifikia takriban 10,000 kabla ya mwaka kwisha. Mtaa mwembamba wa Quincampoix, ulikofanyiwa biashara hiyo, ulifurika makabaila, makasisi, wachuuzi na watumishi wa nyumbani. Hisa mpya ziliweza kulipiwa kwa mafungu, kwa hivyo hata mwenye akiba haba alijitosa. Neno milionea likashika kasi katika vinywa vya watu wa Paris. Aliyesita alimwona jirani yake akitajirika kila jioni, na busara yake ikaanza kufanana na ujinga. Wahenga walishauri kufuata nyuki ili kula asali. Ila hapa kila nyuki alikuwa akimfuata nyuki mwenzake, na wachache tu ndio waliouliza mzinga uko wapi.

Mzinga huo ulikuwa Louisiana, na asali haikuwamo. Mji wa New Orleans, ulioasisiwa mwaka 1718 na kupewa jina la kaimu mfalme, ulikuwa vibanda kandokando ya kinamasi. Walowezi, wengine wao wafungwa na wazururaji waliopelekwa kwa nguvu, walikufa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1719 merikebu za kwanza za Waafrika waliotiwa utumwani zilitia nanga katika koloni hilo. Jasho lao halikutajwa kule Quincampoix.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ili bei ya hisa isishuke, Law alizidi kuchapisha noti. Mnamo Januari 1720 aliteuliwa Msimamizi Mkuu wa Fedha wa Ufaransa, cheo kilichomfanya awe na usemi mkubwa kuliko karibu kila waziri. Lakini waliotangulia kushuku walikuwa wameanza kugeuza karatasi kuwa dhahabu. Mwezi wa Februari alipiga marufuku mtu yeyote kuweka zaidi ya livre 500 za sarafu. Amri hiyo, iliyokusudiwa kulinda imani, iliivunja: anayekatazwa dhahabu huanza kuiwaza. Tarehe 21 Mei ilitangazwa kwamba thamani ya noti ingepunguzwa hatua kwa hatua hadi nusu. Ghadhabu ya umma ililazimisha tangazo hilo lifutwe katika muda wa juma moja, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tarehe 17 Julai, watu waliosongamana mbele ya benki wakitaka sarafu walikanyagana, na baadhi yao wakafa. Maiti zilibebwa hadi kwenye kasri la kaimu mfalme, nalo gari la Law likavunjwavunjwa.

Desemba 1720 aliihama Ufaransa. Mali yake, ambayo sehemu yake kubwa alikuwa ameiwekeza nchini humo, ilitaifishwa. Alitangatanga, akarejea kwenye kamari, na akafariki Venice mwezi wa Machi 1729.

Charles Mackay alikifungua kitabu chake cha 1841 kuhusu wazimu wa umati kwa kisa hiki. Hata hivyo, neno wazimu halitoshi kukieleza. Kila mnunuzi alikuwa na sababu yake: serikali ilidhamini, wakubwa walinunua, majirani walifaidika. Kosa lilikuwa katika kuufanya wingi wa watu kuwa ushahidi. Law naye, aliyewazidi wengi kwa hesabu, alinaswa katika mtego huo. Alitambua mapema kwamba fedha ni imani, kisha akadhani kwamba imani hutii amri. Umati uliomshangilia mwaka 1719 ndio uliotaka kumrarua mwaka 1720, na katika nyakati zote mbili watu walikuwa wakitazamana wao kwa wao kabla ya kuitazama Louisiana.