Nahodha Hore na Merikebu ya Vipande

Miongoni mwa wanafunzi wako wengi wapendao kuunda mifano midogo ya vyombo. Wengine huchonga vimashua vya mti mwepesi na kuvishindanisha majini pale Rumonge; wengine hukunja nyaya zikawa motokaa; na wachache waliobahatika hupata yale maboksi yauzwayo madukani Ulaya, ambayo ndani yake mna vipande vya plastiki vyenye namba, chupa ndogo za rangi, gundi, na karatasi ionyeshayo kila kipande kikae wapi. Watu wazima hutazama kazi hiyo na kusema ni mchezo wa watoto. Lakini ziwa letu la Tanganyika limepata kuona kazi ya namna hiyohiyo katika ukubwa wa kweli, yaani merikebu nzima iliyofika ufukoni ikiwa vipande, ikaunganishwa hapohapo kwa kufuata michoro. Aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo aliitwa Edward Coode Hore, na leo nataka kueleza maisha yake.

Hore alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1848. Alishika kazi ya bahari, akapanda mpaka akahesabiwa kuwa nahodha kamili, ajuaye kupima njia kwa nyota na jua na kuandika ramani. Siku zile Chama cha Wamisionari cha London kilikuwa kimeazimu kuanza kazi katika Ziwa Tanganyika, kwa msaada wa fedha za tajiri mmoja wa mji wa Leeds, jina lake Robert Arthington. Wakubwa wa chama waliona kwamba ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 600 haliwezi kuhudumiwa na watu wasiojua maji. Basi wakamchukua Hore, naye akasafiri mwaka 1877.

Safari ya kwanza ilikuwa ya taabu. Walitaka kuchukua mizigo kwa magari ya ng'ombe kutoka pwani karibu na Saadani, kama walivyozoea wazungu wa kusini mwa Afrika. Lakini njiani mlikuwa na mbung'o, na ng'ombe wakafa. Magari yakabaki hayana wa kuyavuta, na ikawa lazima kurudi kwenye desturi ya zamani ya nchi, ndiyo wapagazi. Hore na wenzake wakafika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878. Kabla ya mwezi wa pili kutimia, mkubwa wao, Bwana Thomson, alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Mwenzao mwingine, Bwana Dodgshun, aliyechelewa nyuma na mizigo, alifika mwaka 1879 akafa baada ya siku chache tu.

Hapo Ujiji wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliwatazama wageni hawa kwa mashaka, maana biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea, nao walihofu kwamba Waingereza wamekuja kuizuia. Hore hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitafuta mashua ya kienyeji, akaitengeneza upya na kuipa matanga, akaiita Calabash, maana yake Kibuyu. Kwa chombo hicho akaanza kuzunguka pwani akipima rasi, ghuba na midomo ya mito, na kila jioni akiandika alichokiona.

Jambo moja lililowatatiza sana wataalamu wa siku hizo lilikuwa hili: maji ya Tanganyika hutokea wapi? Mito mingi huingia ziwani, Ruzizi ukiwa mmojawapo, na sisi wa upande wa Burundi tunaujua vema. Lakini hutoka kwa njia gani? Mwaka 1874 Cameron alifika mahali paitwapo Lukuga, katika pwani ya magharibi, akasema ndipo maji yatokeapo. Mwaka 1876 Stanley akapita hapohapo akaona matope na matete tu, wala maji hayakutoka kama mto. Watu wakabishana. Hore alipofika mwaka 1879 alikuta mkondo wenye nguvu ukitoka ziwani kwenda Kongo. Tena kule Ujiji alikuwa ameweka alama ya kupimia kina, akaona kwamba maji yanashuka mwaka hata mwaka. Hivyo ikafahamika kwamba Cameron na Stanley hawakusema uongo, kila mmoja alieleza hali aliyoikuta: Lukuga uliziba, ziwa likajaa, kisha maji yakafungua njia.

Wasomaji wa Rumonge hawataliona jambo hili kuwa la kale tu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba na mashamba ya pwani yetu, na watu wengi wakalazimika kuhama. Kijiti cha kupimia maji ni kitu kidogo, lakini asiyekuwa nacho hujua habari za ziwa siku linapogonga mlango wake.

Ramani ya Hore ilitolewa London mwaka 1882. Ramani nayo ni mfano mdogo wa kitu kikubwa, kwa maana kila kidole cha karatasi husimama badala ya kilometa nyingi za nchi, na vipimo vikikosewa chombo hupanda mwamba. Zaidi ya hayo alikusanya makombe na samaki, akawapeleka kwa wataalamu wa Uingereza. Wataalamu wakashangaa, kwa kuwa konokono wengine wa ziwa hili walifanana na wa baharini. Mmoja wao akapewa jina la Tiphobia horei, na hata samaki mmoja wa Tanganyika huitwa kwa jina lake mpaka leo.

Wakati huohuo mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa Mapadri Weupe, walikuwa wameanza kituo Rumonge, mwaka 1879. Kituo hicho hakikudumu, kwani tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop waliuawa hapo. Nalitaja jambo hili ili msomaji ajue jinsi pwani hii ilivyokuwa mbali na msaada wowote. Habari ikitokea Rumonge, ilihitaji mtumbwi kufika Ujiji, na dhoruba ikivuma, mtumbwi ulingoja. Ndiyo sababu Hore alisisitiza kwamba pasipo chombo imara kazi yote ya ziwani itakuwa kama jengo lisilo na msingi.

Stanley alikwisha kuleta ziwani mashua ya vipande mwaka 1876, ile iitwayo Lady Alice, lakini aliondoka nayo kwenda Kongo. Hore alitaka vyombo vya kukaa. Akarudi Uingereza, na mwaka 1882 akaja tena na mashua ya chuma iliyofanywa kwa vipande, jina lake Morning Star, yaani Nyota ya Asubuhi. Vipande vilikuwa vikubwa mno kwa kichwa cha mtu mmoja. Kwa hiyo vilipakiwa juu ya mikokoteni, na kwa kuwa ng'ombe hawakuweza kuishi njiani, mikokoteni ilivutwa na watu kwa kamba kutoka pwani mpaka Ujiji. Pamoja naye alikuwa baharia mwingine, Alfred Swann, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Wakafika mwanzoni mwa 1883, na mwaka huohuo Nyota ya Asubuhi ikashushwa majini.

Kazi kubwa ilikuwa bado. Huko Uingereza ilikuwa imeundwa meli ya moshi, nayo iliitwa Good News, maana yake Habari Njema. Hii haikupita njia ya Ujiji. Vipande vyake vilipelekwa Quelimane, vikapanda mto Zambezi na mto Shire, vikabebwa na watu kuyapita maporomoko, vikavuka Ziwa Nyasa, kisha vikachukuliwa nchi kavu kwa ile Barabara ya Stevenson mpaka Liendwe, karibu na ncha ya kusini ya ziwa letu.

Hapa ningependa tusimame kidogo tuitazame kazi yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari hii. Merikebu ya namna hii huundwa kwanza kiwandani kama vile itakavyokuwa. Mkuku hulazwa, mataruma husimamishwa, mabamba ya chuma hufungwa kwa skurubu za muda tu. Ikionekana kwamba kila kitu kimekaa sawa, kila kipande hupigwa alama yake, ya kushoto au ya kulia, ya omo au ya shetri, na namba yake. Kisha huvunjwa yote na kufungwa mizigo. Mwisho wa safari mafundi hutandaza vipande chini, hufungua michoro, na kuanza upya. Safari hii hutumia ribiti. Mmoja huichoma motoni mpaka iwe nyekundu, wa pili huitia tunduni, wa tatu huikinga kwa chuma kizito, na wa nne huipiga nyundo upande wa pili mpaka ivimbe kichwa. Ikipoa hujikaza na kuyabana mabamba mawili yakawa kitu kimoja. Baadaye hupakwa rangi ili kutu isile chuma. Bamba likipotea njiani au likipindika, mafundi hawana duka la kuliendea, kwa kuwa kuliagiza Ulaya ni shauri la miezi mingi.

Kazi hii ilidai watu. Mhandisi James Stewart, aliyekuwa akitengeneza Barabara ya Stevenson, alikufa mwaka 1883. Fundi James Roxburgh, aliyeletwa kuiunganisha meli, alikufa mwaka 1885. Hata hivyo nyundo hazikunyamaza, na mwezi wa Machi 1885 Habari Njema ikateremshwa majini. Mwanzo ilikwenda kwa matanga. Mitambo ikaja kufungwa baadaye. Ndiyo meli ya moshi ya kwanza ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka huohuo wa 1885 mke wa Hore, Bibi Annie, alifika Ujiji kutoka pwani pamoja na mtoto wao mdogo Jack. Alichukuliwa kitini na wapagazi zamu kwa zamu, akaandika kitabu juu ya safari hiyo kilichotolewa mwaka 1886. Jamaa hii ikakaa katika kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi. Mwaka 1888 Hore akaliaga ziwa kwa sababu ya afya iliyodhoofika. Mwaka 1892 akatoa kitabu chake juu ya miaka yake 11 ya kazi hii, kisha akatumika kama nahodha katika bahari ya kusini. Akafa Tasmania mwaka 1912.

Habari Njema nayo ilichakaa, na gofu lake likaharibiwa na Wajerumani katika vita, mwaka 1914. Lakini mtindo wake haukufa. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli kubwa Graf von Goetzen katika mji wa Papenburg, wakaivunja, wakaitia katika maboksi yapatayo 5,000, na kuipeleka Kigoma. Hapo mafundi watatu kutoka Papenburg wakaiunganisha pamoja na wafanya kazi wengi Waafrika, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wazee wengi wa pwani yetu waliijua ilipokuwa ikifika Bujumbura.

Basi tujifunze nini? Jina la Hore limo katika vitabu, na hata konokono amelipata. Jina la aliyevuta mkokoteni wenye kipande cha omo cha Nyota ya Asubuhi halimo popote. Wala hatujui ni nani aliyekinga ribiti kwa chuma kule Liendwe. Lakini meli isingeelea kama mmoja tu wao angeutupa mzigo wake porini, kwa kuwa tundu moja lisilozibwa latosha kuzamisha chombo kizima. Haba na haba hujaza kibaba, na kipande kwa kipande hufanya merikebu.

Ninyi wenzangu mnaounda mifano, msione haya mkichekwa. Pimeni kwa uangalifu, someni michoro kabla ya kushika gundi, na kipande kisichoingia msikilazimishe. Na ninyi mliokwisha kuhitimu, mlio na karakana na viwanda, mkumbukeni kijana wa Rumonge achongaye mashua kwa kisu butu. Mpeni kipimo, tupa na kitabu cha michoro. Hore alikuja na vyombo vilivyoundwa mbali kwa sababu hapa hapakuwa na kiwanda. Ni juu yetu kufanya siku ije ambapo namba za vipande zitapigwa na mikono ya huku.