Akiba ya kijana wa kiwanda

Sisi wa Maniema tunamkumbuka David Livingstone kama mzungu aliyekwama Kabambare kwa ugonjwa, kuanzia Julai 1870 hadi mwanzo wa 1871. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mmea.

Kutotupa kitu alikuzoea tangu utoto. Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, katika jamaa iliyokaa chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha pamba, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Malipo yake yalimsaidia mama. Lakini sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Baadaye alifanya kazi wakati wa joto, akaweka akiba, na wakati wa baridi akajilipia masomo ya uganga Glasgow.

Wapendwa, Kasongo na Kabambare tunauza mpunga, na feza zinaisha kabla ya minervali ya watoto. Tugawe siku ileile ya kuuza, kabla ya kupita sokoni: sehemu ya Bwana, ya chakula, ya masomo. Hata ikiwa kidogo, tusiiguse.