SEMEI KAKUNGULU: JEMADARI ALIYEKATAA SINDANO



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeombwa tuandike habari za watu wa zamani ambao maisha yao yanaweza kutufundisha jambo. Mimi nimemchagua Semei Kakungulu, aliyefariki huko Mbale, mashariki ya Uganda, tarehe 24 Novemba 1928. Wapo miongoni mwetu waliopita Jinja na Mbale wakiwa njiani, na huenda walilisikia jina lake. Wako wanaomwita shujaa na wako wanaomwita mnyang'anyi wa ardhi. Kila upande una sababu zake. Lakini mimi nataka kueleza hasa sehemu ya mwisho ya maisha yake, alipoipinga serikali ya kikoloni bila kushika bunduki.

Kijana wa vita

Kakungulu alikulia katika utumishi wa Kabaka Mwanga wa Buganda, akajulikana kwa uwindaji wa tembo na kwa ushujaa. Akawa Mprotestanti. Mwaka 1888 Wakristo wa Buganda walifukuzwa nchini mwao wakakimbilia Ankole, na mwaka uliofuata wakarudi kwa vita. Ni katika vita vya dini vya miaka ile ambapo jina lake kama jemadari lilivuma, hata akawa mshindani mkubwa wa Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda. Kagwa alishinda katika siasa za mji mkuu, na Kakungulu akaenda kutafuta bahati yake mashariki.

Mwezi wa Aprili 1899 jeshi lake lilishiriki kuwakamata wafalme wawili waliokuwa wakipigana na Waingereza, Mwanga mwenyewe na Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walipelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi baada ya zaidi ya miaka ishirini, lakini alifia Jinja mwezi wa Aprili 1923, hajaiona Bunyoro tena. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunaelewa uzito wa habari hiyo. Mtu tunayemsimulia hapa alisaidia kuwatia wengine katika hali kama yetu, na si haki kulificha jambo hilo kwa kuwa ni siku ya kumbukumbu.

Ahadi isiyotimizwa

Baada ya hapo Kakungulu na maelfu ya wafuasi wake kutoka Buganda waliingia nchi iliyoitwa Bukedi. Walijenga ngome Budaka na sehemu nyingine, wakaweka machifu wao juu ya Wagwere, Wateso, Wagisu na wengine. Wenyeji hawakuulizwa. Walitozwa kodi, wakafanyishwa kazi, na waliokaidi walipigwa kwa bunduki. Kakungulu aliondoka kwa Kamishna Harry Johnston akiamini kwamba Waingereza wangemtambua kuwa mfalme wa nchi hiyo.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua ngome ya Budaka na utawala wa nchi, naye akaachiwa maili ishirini za mraba tu, karibu na Mlima Elgon. Hapo alijenga makao mapya, na makao hayo ndiyo yaliyokuwa mji wa Mbale. Alikuwa bado na watu na silaha, lakini hakupigana. Alikuwa ameona kwa macho yake yaliyowapata Mwanga na Kabalega.

Miaka ya Jinja

Mwaka 1906 Waingereza walimhamishia Jinja, makao makuu ya Busoga, awe mkuu wa baraza la machifu wa Wasoga. Watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa malale kando ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1908 njaa kali iliingia. Mwaka 1912 reli ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali. Kakungulu alikuwa na cheo kikubwa, lakini amri zilitoka kwa ofisa wa Kiingereza. Mwaka 1913 kazi hiyo ilifikia mwisho, akarudi Mbale akiwa mtu mwenye uchungu.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka ule ule wa 1906, huko Johannesburg, Wahindi wakiongozwa na Mohandas Gandhi waliapa kutoitii sheria ya kuwaandikisha kwa nguvu. Watu hawa wawili hawakuwa na uhusiano wowote. Lakini sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa mwaka 1948 katika chanzo cha mto Naili, pale pale Jinja, na leo kuna sanamu yake hapo. Pengine wageni wanaokwenda kuiona hawajui kwamba mji huo ulikuwa pia na mtu wake aliyechagua njia ya kukataa.

Kukataa sindano

Mwaka 1914 ilianza Buganda dini mpya iliyoitwa ya Wamalaki, kwa jina la mwalimu Malaki Musajjakawa. Mwenzake alikuwa Joswa Kate, chifu mkubwa mwenye cheo cha Mugema. Walifundisha kwamba Mungu peke yake huponya, kwa hiyo ni dhambi kutumia dawa. Maelfu ya watu walibatizwa. Kakungulu alijiunga nao, na Mbale ikawa ngome yao upande wa mashariki.

Wamalaki hawakuua mtu wala kuchoma ofisi. Walipoambiwa walete ng'ombe wachanjwe, au wao wenyewe wachanjwe, walikataa tu. Kwa serikali hilo lilikuwa jambo zito, maana ng'ombe na watu waliohesabiwa na kuchanjwa ndio waliotawaliwa. Mwaka 1929, Kakungulu akiwa amekwisha kufa, upinzani dhidi ya sindano za tauni ulifanya Malaki na Kate wahamishiwe kaskazini. Malaki alisusa chakula akafa mwaka ule ule.

Wayahudi wa Mbale

Kakungulu alisoma Biblia kwa makini, hasa Agano la Kale, akaona kwamba tohara imeamriwa. Viongozi wa Wamalaki walimwambia kwamba hilo ni jambo la Wayahudi. Alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akahamia Gangama, chini ya mlima, na jamaa zake wakaanza kushika Sabato. Jumuiya hiyo ndiyo Abayudaya. Idi Amin alipotawala, kuanzia 1971 hadi 1979, ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha, lakini wachache waliendelea kusali kwa siri majumbani. Baada ya 1979 walijitokeza tena, na sinagogi lao liko kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale.

Sisi tunajifunza nini

Ndugu zangu, katika kambi yoyote kuna siku watu hukataa. Hukataa kupanga foleni, hukataa mgawo uliopunguzwa, na wakati mwingine hukataa chanjo kwa sababu hawamwamini anayeileta. Watumishi wa mashirika wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba ni ujinga kila mara. Mara nyingi anayekataa sindano anakataa kutoulizwa. Kakungulu aliahidiwa na kunyang'anywa, na alipopewa amri nyingine, hata yenye faida, hakuwa tena na imani.

Lakini nasi tuseme ukweli upande wetu. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na sotoka ya ng'ombe mwaka 2011, na zote mbili zilishindwa kwa chanjo. Anayesusa kazi isiyo na haki hujiumiza yeye kwanza, naye amekubali. Anayezuia chanjo humwumiza mtoto ambaye hakuulizwa kitu, kama vile Wagwere na Wagisu hawakuulizwa Kakungulu alipoingia kwao. Basi tukitaka kukataa, tukutane kwanza, tuseme wazi ni kitu gani tunachokikataa na nani atakayelipa gharama yake. Kisha tupeleke neno letu kwa umoja, bila fimbo wala mawe.

Kaburi la Kakungulu liko Gangama. Ufalme alioupigania haukupatikana, lakini kila Sabato watu bado wanakusanyika Nabugoye.