Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi Aliyetaka Kujua



Tulipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto husukumwa na nguvu mbili. Moja hutoka nje, kama zawadi, sifa au fimbo. Nyingine hutoka ndani ya moyo wake mwenyewe. Niliyaandika hayo daftarini, nikafaulu mtihani, kisha kwa miaka mingi nikatumia zawadi na fimbo tu. Sasa nimestaafu, nami nimepata nafasi ya kusoma maisha ya wavumbuzi. Mmoja wao amenieleza vizuri zaidi kile nilichokiandika bila kukielewa. Huyo ni Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na njaa haikuwa ngeni nyumbani mwao. Wakati mmoja wa shida, Michael akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, alipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo, basi. Hesabu za juu hakuzijua mpaka kufa kwake.

Mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 14, alianza uanagenzi kwa fundi wa kujalidi vitabu aitwaye George Riebau. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa na kubandika majalada, lakini yeye alisoma na yaliyomo ndani. Katika ensaiklopedia iliyoletwa kujalidiwa alikuta habari za umeme. Akasoma pia kitabu cha kemia cha Bibi Jane Marcet. Hakutosheka kusadiki tu. Kwa senti zake chache alinunua vifaa, akajaribu mwenyewe kama maneno yale ni kweli. Bwana Riebau hakumkataza. Naye kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba, alimlipia shilingi moja ili ahudhurie mihadhara ya sayansi jioni. Watu hawa wawili wasisahauliwe.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa Royal Institution. Kijana aliandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vifaa, akajalidi kitabu cha kurasa 300 hivi, akampelekea Davy na kuomba kazi. Mwezi wa Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi. Mwaka huohuo alisafiri na Davy huko Ulaya. Mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani, hata karibu akate tamaa. Lakini alivumilia, maana katika safari hiyo alikutana na wataalamu kama Ampère na Volta.

Mwaka 1821 alifanya waya wenye umeme uizunguke sumaku, na huo ndio mwanzo wa mota. Badala ya pongezi, watu walimsingizia kwamba ameiba wazo la mwingine. Alipopendekezwa kuingia Royal Society, aliyempinga ni Davy, mwalimu wake. Hata hivyo aliingia mwaka 1824. Jambo hilo lilimwumiza, lakini halikumtoa kazini.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili. Waya wa kwanza aliuunga na betri. Wa pili aliupitisha karibu na sindano ya sumaku. Alipounga betri sindano ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoifungua ikatikisika tena. Hapo akatambua kwamba umeme huzaliwa pale nguvu ya sumaku inapobadilika. Mwezi wa Oktoba alipata umeme kwa kusogeza sumaku ndani ya waya uliozungushwa. Dainamo ya baiskeli na mitambo mikubwa ya bwawani hufuata kanuni hiyohiyo.

Je, alikuwa na akili isiyo ya kawaida? Yamkini. Lakini tuangalie tabia yake. Kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo aliandika kila jaribio, akalipa kila fungu namba, mpaka yakapita 16,000. Hesabu zilimshinda, kwa hiyo alifikiri kwa picha. Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyo na sumaku chini yake, akaona mistari ya nguvu iliyojaza nafasi yote. Wataalamu wengi walitia shaka, mpaka James Clerk Maxwell alipoyaweka mawazo hayo katika lugha ya hesabu. Hata lililoshindikana aliliandika. Mwaka 1849 alitafuta uhusiano kati ya umeme na nguvu inayovuta vitu chini, asiupate, naye hakuficha.

Heshima hazikuwa zikimvuta. Alikataa kuitwa Sir, akakataa pia urais wa Royal Society. Katika kanisa lake dogo la Wasandemani alikuwa mzee wa kanisa. Wakati wa Krismasi aliwafundisha watoto sayansi, na somo lake lililopendwa mno lilikuwa mshumaa mmoja unaowaka.

Wala tusidhani kwamba moyo wa namna hiyo hauchoki. Karibu na mwaka 1840 kichwa chake kilimlemea, ikambidi apumzike kwa muda mrefu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini mwake.

Nasoma haya na kumkumbuka mwanafunzi wangu mmoja. Katika hesabu alikuwa wa mwisho, lakini kila siku alikuwa akifungua tochi na kuifunga tena. Nilimnyang'anya tochi ile, nikamwambia aache michezo. Alitii, na tangu siku hiyo hakuniuliza swali lolote. Sijui alikoishia. Wazazi na walimu wenzangu, Faraday alipata tajiri aliyemwachia vitabu na kaka aliyetoa shilingi yake. Mtoto yule wa tochi alinipata mimi.