Donald McKay, Fundi wa Merikebu za Mbio

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye merikebu zake zilishinda zingine kwa mbio: Donald McKay.

Alizaliwa mwaka 1810 katika Nova Scotia, inchi ya Kanada ya leo, katika jamaa ya watoto wengi. Akingali kijana alienda New York kujifunza useremala wa merikebu kwa fundi Isaac Webb. Masomo ya shule alikuwa nayo kidogo tu. Lakini mwaka 1833 alioa Albenia Boole, binti wa fundi wa merikebu, aliyejua hesabu na kuchora mipango. Mke huyu ndiye alimufundisha. Wanaume wengi wangesikia haya. Yeye alishika kalamu. Sisi tunaonung’unika juu ya jometria, tusikie hayo!

Kiisha, katika miaka ya 1840, alifungua kiwanda chake East Boston. Mwaka 1848 dhahabu ikaonekana California, na watu wakaanza kukimbilia kule. Mfereji wa Panama ulikuwa haujachimbwa, wala reli ya kuvuka inchi. Merikebu ilipaswa kuzunguka mwisho wa Amerika ya Kusini, safari ya kilomita zaidi ya 20.000, pengine miezi sita. Kwa hiyo wafanya biashara walitaka mbio. McKay aliwatengenezea merikebu ndefu, zenye pua kali ya kukata maji, milingoti mirefu sana na matanga mengi. Mizigo ilipunguka, lakini siku zilipunguka zaidi.

Mwaka 1851 merikebu yake Flying Cloud ilitoka New York na kufika San Francisco kwa siku 89 na saa 21. Kapiteni alikuwa Josiah Creesy, na mwenye kupima njia kwa jua na nyota alikuwa mke wake Eleanor. Mwaka 1854 ilipunguza tena saa 13. Hakuna chombo cha matanga kilichoishinda mpaka mwaka 1989.

Mwaka 1853 alimaliza Great Republic, ya tani zaidi ya 4.500, yenye urefu wa metre 100 hivi. Mwezi wa desemba, mbele ya safari yake ya kwanza, moto wa majumba ya New York uliiruka na kuiunguza. Hasara kubwa namna gani! Lakini hakukunja mikono. Mwaka uliofuata alikuwa anatengeneza zingine kwa tajiri James Baines wa Liverpool, za kwenda Australia.

Kile kilichomushinda si moto, ni mvuke. Mwaka 1857 biashara ilianguka. Alijaribu kutengeneza merikebu za mvuke pia kwa serikali, lakini mali haikurudi. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, njia isiyofaa matanga. Mwaka ule ule Glory of the Seas ilimuingiza katika madeni. Akaenda kulima shamba Hamilton, akafa pale mwaka 1880. Flying Cloud yenyewe ilikuwa imekwisha kuchomwa mwaka 1875 ili watu wapate vyuma vyake.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunafikiri hivi: ufundi unaweza kupitwa na wakati, hata ule wa kwanza duniani. Lakini mutu aliyekubali kufundishwa, tena na mke wake, aliacha kazi ambayo miaka 135 haikuishinda. Diploma tutakayopata isitufungie kitabu.