Mtungi uliovuja wa Abba Musa

Kama umewahi kukaa katika kikao cha wazee wa kanisa siku ambayo habari za muumini aliyeanguka zimeletwa, unajua jinsi sauti zinavyobadilika. Mwenye kosa yuko nje anangoja kuitwa, na ndani hukumu imekwisha kuiva.

Kikao cha namna hiyo kiliitishwa zamani katika jangwa la Scetis, Misri, mahali panapoitwa leo Wadi Natrun. Mmonaki mmoja alikuwa amekosa, wenzake wakakutana kumjadili. Abba Musa hakwenda. Padre akatuma mtu amwambie kwamba wote wanamngoja. Ndipo akainuka, akachukua mtungi uliotoboka, akaujaza maji, akaenda nao huku yakimwagika nyuma yake njia nzima. Waliotoka kumlaki wakamuuliza maana yake. Akawajibu kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake asizione, naye leo anakuja kuhukumu makosa ya mwingine.

Usidhani ule ulikuwa unyenyekevu wa mdomoni. Musa alikuwa Mwethiopia, mtumwa wa ofisa mmoja, akafukuzwa kwa wizi na mwenendo mbaya, akawa kiongozi wa genge la wanyang'anyi. Askofu Palladius, aliyeandika habari zake muda si mrefu baada ya kifo chake, anasema watu walimhesabia hata uuaji. Sijui ni kanisa gani kati ya yetu lingemfungulia mlango bila kunong'ona.

Hata alipokuwa mmonaki, tamaa za zamani hazikumwacha. Zilimsumbua mpaka akashindwa kukaa chumbani mwake, akamkimbilia mzee wake, Abba Isidore. Mzee alimsihi arudi. Musa akasema hawezi. Hapo ndipo wengi wetu tungeanza kufoka. Isidore alimpandisha darini. Akamwonyesha upande wa magharibi jeshi la pepo waovu likijiandaa kupigana, kisha mashariki malaika wasiohesabika, akamwambia hao wa mashariki ndio wasaidizi wao, nao ni wengi zaidi. Musa akarudi chumbani kwake akiwa na nguvu.

Basi angalia alivyowatendea wengine. Usiku alikuwa akizunguka kwenye vyumba vya wazee waliochoka, anachukua mitungi yao kimyakimya na kwenda kuijaza maji, maana kisima kilikuwa mbali. Siku nyingine wanyang'anyi wanne walimvamia bila kujua ni nani. Mtu yule mwenye nguvu aliwafunga wote, akawabeba mgongoni hadi kanisani, akawauliza ndugu wafanyweje, kwa kuwa yeye haruhusiwi kumdhuru mtu. Walipotambua kwamba huyu ndiye Musa waliyemsikia, wakaungama, nao wakawa wamonaki.

Ndugu yangu, pengine wewe ndiye utakayetumwa wiki hii kuzungumza na binti wa kwaya aliyepata mimba, au mhazina ambaye hesabu zake hazikukaa sawa. Kosa lipo, na Musa hakusema kwamba halipo. Ila tazama kwanza nyuma yako, njia uliyopitia kuja kikaoni, kama imekauka.

Wale wa Scetis waliposikia maneno yake hawakuendelea na shauri. Walimsamehe ndugu yule. Simulizi halitaji jina lake, wala kosa lake.