Bombay, Mzee wa Mizigo ya Ugogo

Huyu mzee kwenye historia tunampita haraka mno. Sidi Mubarak Bombay, Myao, alizaliwa karibu mwaka 1820. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa kwa nguo, akapelekwa India utumwani. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar, akawa askari.

Mwaka 1857 alisafiri na Burton na Speke. Kisha akaenda na Speke na Grant, halafu Stanley mwaka 1871. Mwaka 1873 akaondoka na Cameron, wakatokea Atlantiki 1875. Mara zote njia ilikatiza Ugogo, huku kwetu Dodoma.

Sasa hapa ndipo hesabu ilipokuwa ngumu. Mpagazi alibeba kama kilo 30 za vitambaa, shanga au waya wa shaba, na hizo ndizo zilikuwa pesa. Kabla ya Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kwa hiyo vibuyu viliongezwa juu ya mzigo. Ukipunguza nguo, unakosa hongo ya kuwalipa watemi wa Wagogo. Ukizidisha, watu wanachoka, wanatoroka usiku, mizigo inabaki haina wa kuibeba. Bombay ndiye aliyehangaika na hayo.

Waingereza walimpa medali ya fedha na pensheni ndogo. Alifariki 1885. Sifa zikabaki kwa wenzake.

Mimi nasomea ualimu. Nikishika chaki nitaanza na yeye, maana bila mizigo kupangwa, hakuna Mzungu ambaye angeliona ziwa.